Marehemu Yuko Mashineni

Angetile alipata habari za kifo chake akiwa kazini, vumbi la pumba limemjaa mpaka kwenye kope. Aliyemletea ni bosi wake, Mama Atupele, mwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Bondeni, mwanamke asiyependa maneno mengi.

"Soma hapa," alimwambia, akimpa simu. "Umekufa."

Angetile akasoma. "Ndugu, jamaa na marafiki. Mteja wetu ANGETILE amefariki dunia kwa kuzama Ziwa Nyasa. Wewe ni mtu wake wa karibu. Unaombwa kulipa deni lake, Sh. 214,000, kabla ya saa kumi na mbili jioni, ili kulinda heshima ya marehemu."

"Mimi silipi," alisema Mama Atupele. "Halafu kama umekufa, yale magunia ya nyuma nani ameyahesabu?"

Kuhesabu magunia ndiyo ilikuwa kazi yake. Angetile alikuwa na shahada ya takwimu. Chuoni alifundishwa kukadiria mambo ambayo bado hayajatokea. Mashineni alilipwa kuhesabu yaliyokwisha kutokea na kushonwa mdomo. Mkopo wa chuo alikuwa hata hauwazi tena. Ule ulikuwa kama mlima Rungwe: unauona kila siku na huna la kuufanya.

Kilichomuua ni mkopo mdogo. Aliitwa kwenye usaili Dodoma, akahitaji nauli, gesti na shati lenye kola iliyosimama. Akakopa elfu themanini kwa simu, kwenye ile mikopo ya mtandaoni ambayo unabonyeza "Nakubali" bila kusoma, na ukishakubali umewakabidhi namba za watu wote unaowajua. Nafasi zilikuwa sita, na waliofika walijaza ukumbi, wakajaza korido, wakafanyia mtihani hadi kwenye ngazi. Kazi hakupata. Deni ndilo lililopata kazi: lilipiga mzigo usiku na mchana, hata Jumapili. Wadai walimpigia mpaka akachoka, akaiacha simu saluni kwa Nelson.

Huko saluni ndiko alikokimbilia. Nelson, rafiki yake tangu chuoni, alikuwa na digrii ya sayansi ya siasa, na sasa alikuwa ananyoa. Alimkuta katikati ya kichwa cha mteja.

"Nelson, umewaambia nini hawa watu?"

"Nimekusaidia," alisema Nelson bila kuzima mashine. "Yule dada wa mkopo kapiga tangu asubuhi. Nikamwambia hatuko nawe tena. Akauliza, kivipi? Nikaona tusichoshane, nikamwambia umezama ziwani, pale Itungi."

"Umeniua?"

"Nilijua deni hufa na mwenyewe. Kwa watu wastaarabu ndivyo ilivyo."

Mteja aligeuza kichwa chake kilichonyolewa upande mmoja. "Kwa hiyo huyu ndiye marehemu?" aliuliza. "Pole sana, kaka."

Angetile akachukua simu. Watu wa kanisani, wa chuoni, mpaka fundi aliyewahi kumtengenezea redio, wote walikuwa wamempigia. Mama yake hakuwa amepiga hata mara moja. Mama huwa anapiga hata kuuliza kama mvua imenyesha.

Wakapanda pikipiki moja, yeye na Nelson, mpaka nyumbani kwa mama, Ndandalo.

Turubai lilikuwa limeshafungwa uani. Wanawake walikuwa kwenye mikeka wanamenya ndizi. Juu ya stuli, katikati, imewekwa picha yake ya mahafali, amevaa joho na tabasamu la mtu asiyejua lolote. Baba yake mdogo, Andongwisye, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba alipofariki, alikuwa amelikumbatia kapu la rambirambi. Vijana walikuwa wameenda Itungi kutafuta mwili.

Kilio kilikatika ghafla kama redio iliyokosa umeme.

Mama alitoka ndani polepole. Akamwendea, akampitisha kidole kwenye nyusi, akakitazama kile kidole.

"Hizi ni pumba," alisema. "Nilidhani ni mchanga wa ziwani."

Akamzaba kofi moja. Kisha akakaa chini palepale, akalia. Jirani alimnong'oneza Angetile kwamba tangu asubuhi mama hakuwa ametoa chozi. Alikuwa anauliza tu kama mtoto alikuwa amekula. Angetile akakaa naye kwenye vumbi. Digrii yake haikuwa na somo la hapo.

"Sasa hizi tunazifanyaje?" aliuliza Andongwisye, akilitikisa kapu kidogo. "Maana rambirambi hairudishwi."

"Lakini mwenyewe hajafa," alisema Nelson.

"Hata hivyo tumelia."

Simu ya Angetile ikaita. Mama akampokonya, akaomba Nelson aiweke sauti kubwa, akasema haloo.

"Shikamoo mama, pole kwa msiba," ilisema sauti tamu ya kike. "Napiga kuhusu lile deni la..."

"Marahaba. Mwanangu yuko hapa, ni mzima. Unaitwa nani?"

"Mercy, mama."

"Mercy, ulipotuma ujumbe, ulijua kwamba na mimi utanifikia?"

"Mtambo unatuma wenyewe, mama. Mimi nabonyeza tu."

"Umesoma?"

"Ndiyo, mama. Sheria."

Chini ya turubai watu walitikisa vichwa kwa heshima. Sheria si mchezo.

"Wanakulipa vizuri kwa kubonyeza?"

"Nalipwa kamisheni. Mteja akilipa ndipo na mimi napata."

"Na wewe unadaiwa?"

Nelson akatazama kama simu imekata. "Nadaiwa, mama," ilisema ile sauti, imepungua utamu. "Na hawahawa."

Mtu mmoja alicheka, kisha turubai zima. Mama hakucheka.

"Alikopa themanini. Nakupa laki moja, umalize."

"Mama, mimi siwezi kupunguza deni."

"Kuua umeweza, kupunguza ndiyo kukushinde? Kamuulize mkubwa wako."

Mercy akaenda kuuliza, akarudi na jibu kwamba mkubwa amekubali. Mama akawageukia watu, akasema anayetaka chake akichukue kapuni. Wote wakatazamana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Andongwisye peke yake ndiye aliyechomoa elfu tano, akisema ni za vocha alizotumia kutangaza msiba. Laki moja ikatolewa kapuni ikatumwa, kilichobaki kikanunua nyama, kwa kuwa ndizi zilikwisha kumenywa. Vijana wa Itungi walirudi wamelowa, mmoja amepoteza kandambili, wakamkuta waliyekuwa wanamtafuta anasugua masufuria. Hawakumsalimia.

Jua likizama, kilio kikasikika tena kutoka barabarani. Alikuwa shangazi yake wa Karonga, aliyeanza safari asubuhi, na laini yake ya Malawi haikushika upande huu. Hakuwa amemwona Angetile tangu akiwa shule ya msingi. Angetile alitoka kumpokea mzigo, na shangazi akamwangukia begani.

"Alikuwa anafanya kazi gani, mwanangu?" aliuliza katikati ya kwikwi.

"Kuhesabu magunia, shangazi. Mashineni."

"Ndaga," alishukuru shangazi kwa Kinyakyusa, akijifuta kwa kanga. "Angalau alikuwa na kazi. Mimi kule nyumbani nina wenye digrii wawili, na wote wamekaa tu."

Angetile akauweka mzigo kichwani, akatangulia kumwonyesha njia.