Mkuu wa Genge la Annandale

Dokta Silvanus huchunguza uhalifu akiwa ndani ya gari lake, vioo vimepandishwa, milango imefungwa, kikombe cha kahawa mkononi. Ni mwanasosholojia wa uhalifu. Ndivyo kinavyosema kibao cha mlangoni pake, na ndivyo anavyosema mwenyewe kabla hujamuuliza. Anakaa Columbia, Maryland, mtaa ambao hata mbwa wake hubweka kwa adabu. Uhalifu pekee uliowahi kumgusa ni kuibiwa baiskeli, na baiskeli hiyo ameitolea mihadhara mingi hadi mimi, msikilizaji wake, nikaanza kumhurumia mwizi.

Namwita mjomba kwa sababu alisoma na mama yangu Tukuyu. Kazi yangu kwake ilikuwa kusikiliza mahojiano ya Kiswahili aliyorekodi na kuyaandika. Akinitambulisha kwa wageni husema, "Huyu ni Bupe. Ana diploma tu, lakini Kiswahili chake kizuri." Yeye ana digrii tatu, na anajua lugha mbili ambazo hakuna hata moja anayoweza kuimalizia sentensi bila kuazima kwa mwenzake. Ameandika sura nzima kuhusu vijana wa Columbia Heights, mtaa mwingine kabisa, wa mjini. Pale hupita chini kwa chini na treni, mkoba kaubana kifuani. Sijawahi kumwona akishuka.

Mwaka huu kampuni moja yenye nyumba za kupangisha Annandale, upande wa Virginia, ilimwajiri achunguze kama kuna magenge katika majengo yake. Dokta akaegesha ng'ambo ya barabara, akatazama, akapiga picha, akaandika ripoti. Akanipa niisome nihakikishe majina ya Kiafrika hayajakosewa.

Ripoti ilisema genge lipo. Wanaume wenye makoti meusi hukusanyika kila jioni kwenye maegesho, wamekalia viti vya plastiki, vijana wakielekeza magari. Wanawake huingiza ndani vyombo vikubwa vilivyofunikwa, ambavyo yaliyomo hayakuweza kufahamika. Katikati yuko mkuu wa genge. Kila anayefika humwendea yeye kwanza, huinama, humpa mkono kwa mikono miwili, humnong'oneza. Mkuu hasimami wala hatabasamu. Picha ya mkuu ilizungushiwa duara jekundu.

Nilimtambua mara moja. Alikuwa Fredy, anayehudumia wazee majumbani, na jioni zile alikuwa amefiwa na mama yake Songea. Karatasi zake za uhamiaji zilikuwa bado hazijakamilika, angesafiri asingerudi. Basi akakaa msiba hapo hapo Annandale, nasi tukaenda kukaa naye. Wanawake tulijaa ndani. Wanaume wakakaa nje, kama wanavyokaa nje msibani popote pale, hata kwenye baridi ya Machi, bila turubai. Vyombo visivyofahamika vilikuwa masufuria ya wali na maharage. Kimojawapo nilikibeba mimi. Nimo kwenye picha, mgongo tu.

Nikamfuata ofisini.

"Shikamoo, mjomba. Hili si genge. Huu ni msiba."

"Marahaba. Msiba wa nani?"

"Wa mama yake Fredy. Ulitangazwa kwenye kundi letu la simu. Wewe ulijibu kwa kidole gumba."

Akavua miwani. "Bupe, zile message zote mimi sizisomi. Na ku-observe ni ku-observe. Pattern iko pale pale."

"Iko, mjomba. Ndivyo msiba unavyokaa."

"Ningejuaje? Nilikuwa garini."

"Ungeshuka."

Akacheka, kama mtu aliyeshauriwa na mtoto mchanga akamshike simba mkia. "Ripoti wameshaipokea. Nikiibadilisha sasa wataona sijui kazi. Nitaweka tanbihi."

"Tanbihi haina vyumba viwili na jiko."

Nilimweleza kinaga ubaga. Mkataba wa nyumba ya Fredy ulikuwa unaisha mwezi ule. Kampuni ilikuwa imeitisha mkutano wa wapangaji kuisikiliza ripoti, na baada ya hapo meneja angeamua nani aongezewe mkataba na nani aondoke. Fredy ana binti, Jacqueline, anayemaliza sekondari palepale Annandale. Mtu aliyefukuzwa kwa kosa la ugenge, mwenye nyumba gani mwingine angempokea?

"Haya ni mambo ya kitaalamu," akasema. "Wewe andika mahojiano."

Mkutano ulifanyika Jumamosi, ukumbi wa chini wa jengo. Meneja, Mmarekani aitwaye Wayne, alikaa mbele. Fredy alikaa safu ya kwanza, shati limenyooka kwa pasi, Jacqueline ubavuni kwake. Dokta Silvanus akawasha mashine na ile picha ikajaa ukutani. Akaieleza kwa fimbo ya mwanga. Hapa analindwa. Hapa anapewa heshima. Fredy alikuwa anajitazama ukutani, ndani ya duara jekundu, katika siku aliyokuwa akimlilia mama yake.

Wayne akamuuliza kama ana la kusema.

"Mama yangu alikufa," Fredy akajibu kwa Kiingereza, taratibu. "Walikuja kunipa pole."

Wayne akamgeukia Dokta. Hapo mjomba wangu, ambaye nilikuwa nimeshamwambia kila kitu kwa kinywa changu, akasema, "Makundi ya aina hii huwa na maelezo kama hayo."

Nikasimama. Sikutumia Kiingereza.

"Mjomba, huyo ni mfiwa. Umeingia humu umempita, na pole hujampa."

Nusu ya ukumbi ilikuwa Watanzania na Wakenya. Kisha Mama Chebet, muuguzi Mkenya wa ghorofa ya juu, akasema kwa sauti ya mtu anayechambua mboga, "Kweli, daktari? Hata mkono tu? Kwenu mlilelewa na nani?"

"Basi, basi, jamani," Dokta akasema.

Digrii tatu hazikumsaidia. Alikulia Tukuyu, na mwili wake ulikuwa haujasahau. Akaweka fimbo ya mwanga mezani, akashuka, akainama mbele ya Fredy, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, ndugu yangu. Poleni na msiba," akanong'ona.

Fredy hakusimama. Mfiwa hasimami. "Asante. Tumeshapoa."

Juu yao, ukutani, picha ilikuwa bado inawaka. Wayne akaitazama, akawatazama wao, akaitazama tena.

"Dokta amefanya nini hapo?" akauliza.

Jacqueline ndiye aliyemjibu, kwa Kiingereza chake cha Virginia, bila hata kuinuka. "Walichofanya wote hao kwenye picha yako. Bibi yangu alikufa."

Wayne akazima mashine mwenyewe. Wiki iliyofuata Fredy akatia saini mkataba mpya, na kampuni ikaachana na Dokta.

Ndipo simu zikaanza. Mama akapiga kutoka Tukuyu.

"Bupe, umemvua nguo mjomba wako mbele ya Wazungu."

"Alikuwa amevaa, mama. Aliinama tu."

"Usinijibu hivyo. Nenda ukapige magoti."

Wazee wa jumuiya yetu wakapanga kikao cha suluhu huko Columbia, nyumbani kwa Dokta, kwenye makochi ambayo hayajawahi kukaliwa na mtu mwenye njaa. Palikuwa na sambusa. Dokta akaketi, akakunja nne, akasema kwamba yeye hana kinyongo.

"Mtoto aombe radhi tu, halafu tu-move on."

"Fredy umeshamwomba?" nikauliza.

"Lile lilikuwa jambo la kitaaluma."

Mwenyekiti wa kikao, mzee Christopher, akanigusa bega. "Binti, neno moja tu. Halikupunguzii kitu."

Nikasimama. Wakasogeza miguu wakidhani nataka nafasi ya kupiga magoti.

"Mjomba," nikasema, "shikamoo nitakupa kila tukikutana, kwa sababu umri unao. Radhi siombi. Si leo, si Krismasi, si kwa simu ya mama. Siombi."