Majivu ya Mama Sentle

Kosa la kwanza ni langu, nalisema mapema lisije likanikaba. Mimi ndiye niliyemwambia Thakane kwamba nyuma ya zizi la jirani yetu Mama Sentle kuna jaa la zamani, majivu laini kama unga, hayana mwenyewe. Nilikuwa nimejifunga blanketi, naota jua ukutani. Baridi ya Lesotho hushika kila kitu isipokuwa mdomo wangu.

Thakane alikuwa ameolewa juzijuzi, katoka ng'ambo ya mto. Wakwe walishamwita Mama Lineo, maana kwetu jina la mtoto hutangulia, mtoto mwenyewe hufuata. Tumbo lilikuwa bado tupu, na mama mkwe alikuwa ameshaanza kuguna. Kilichobaki cha kumtetea ni bustani. Upepo wa Agosti ukikuta udongo haujapinduliwa, bibi harusi huulizwa kama kwao walikuwa wanamlea au wanamfuga.

Basi akajituma. Akapogoa mpichi, akavunja udongo uliogandishwa na baridi, akasomba samadi, kisha majivu. Kule jaani koleo likagonga chungu kidogo, kikapasuka. Ndani mlikuwa na vifupa vyembamba. Kuku, akajisemea. Mfupa nao ni mbolea. Akavimwaga kwenye karai, akaenda kuvipondaponda na kuvichanganya kwenye tuta la spinachi.

Mchana Mama Sentle akachungulia juu ya ukuta wa mawe.

"We Mama Lineo! Hilo tuta au kaburi la chifu?"

"Cheka tu, mama. Spinachi hii utakuja kuiomba kwa magoti."

"Nimpigie magoti mtoto wa ng'ambo? Nyie si mnagombania majani na mbuzi?"

Wakacheka, kila mmoja upande wake wa ukuta.

"Ila majivu mazuri. Umeyatoa wapi?"

"Kwako, mama! Nyuma ya zizi. Na mifupa nimepata, nimeiponda yote humu. Sentle akirudi kutoka migodini, si ndiko waliko vijana wote, nitampikia mboga ya kwao."

Cheko la Mama Sentle likakatika.

"Nani akirudi?"

"Sentle. Si mwanao?"

Thakane hakumwona akiruka ukuta. Alichoona ni tawi la mpichi, lile alilolikata mwenyewe asubuhi, likimchana shavu. Akainua mkono, tawi likamchana na mkono. Alipogeuka akimbie, Mama Sentle alikuwa ameshaokota jembe.

"Mama, nimekosa nini?"

Jembe likajibu. Mfupa wa mkono ukalia kama kuni kavu. Thakane akaanguka, akachota majivu kwa mkono mzima, akamrushia usoni, akamng'ata paja mpaka mdomo ukajaa chumvi ya damu. Hakujua anapigania nini. Alijua tu kwamba mwanamke huyu anamuua, na kwamba anamuua huku analia.

"Kula!" Mama Sentle alimkalia mgongoni, akamkandamiza uso tutani. "Si umeshampanda? Mle!"

Udongo ukamwingia puani, kooni. Dunia ikawa nyeusi, inanuka samadi. Kisha uzito ukaondoka. Mama mkwe alikuwa amemvuta Mama Sentle kwa nywele, wakabingirika wote wawili hadi kwenye shina la mpichi, kichwa cha mmoja kikagonga kwa kishindo.

"Muache! Hajui! Hakuna aliyemwambia!"

Thakane alitapika udongo.

"Hajui nini?"

Mama mkwe alikuwa anahema, damu inamchuruzika sikioni.

"Sentle hakulia alipozaliwa, mwanangu. Asiyelia huzikwa jaani, kwenye chungu, penye joto. Ni mambo ya wanawake. Kwenu hamfanyi?"

Kwao waliacha zamani. Na sisi wanaume tulimwita jirani yetu Mama Sentle miaka yote hiyo, asubuhi na jioni, bila hata mmoja kuuliza Sentle yuko wapi.

Mama Sentle hakusikia neno. Alikuwa ametambaa hadi tutani, anachimbua kwa kucha, anapepeta udongo kwenye viganja, anaumwaga, anachota tena. Jiwe. Mzizi. Kinyesi kikavu cha ng'ombe. Kila cheupe alikipeleka karibu na macho yaliyovimba kwa majivu, akakitupa.

Thakane akajikokota, mkono uliovunjika unaning'inia, akapiga magoti ng'ambo ya pili ya tuta. Akaingiza mkono mzima udongoni.

"Mama," akasema. "Nionyeshe nianzie wapi."