Kizibo cha Mzee Omwenga

Lori la Jethro Ratemo lilikuwa na tabia ya kuzimika mbele ya hoteli yangu pale Birongo, na sitaficha, biashara yangu ilinenepa kwa sababu hiyo. Lori likizima, watu hujaa. Aliyekuwa anaenda sokoni anasimama, aliyesimama anakaa, na akishakaa ataitisha chai na mandazi, maana huwezi kumsema mtu vizuri mdomo ukiwa mkavu. Mwaka huo wa 1968 nilinunua birika la pili. Jethro mwenyewe alinitania kwamba birika hilo ni lake.

Lilikuwa lori kuukuu la petroli, lenye pua ndefu na rangi ya buluu iliyobaki milangoni tu. Jethro alilitumia kubebea ndizi na mbao, lakini kazi iliyomlisha yeye na mkewe Bochaberi ilikuwa pareto. Chama cha wakulima kule Nyamache kilikuwa kimempa kazi ya kupeleka magunia ya maua makavu ghalani Kisii mjini kila Alhamisi.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Lori linakuja vizuri, linapanda kilima chetu likinguruma, halafu mlangoni kwangu linakohoa mara mbili na kunyamaza. Jethro anapiga stata. Injini inazunguka bila shida, betri ina nguvu zake, lakini kuwaka haiwaki. Inazunguka tu, kama mtu anayeitikia kila swali na asijibu hata moja.

Ng'ambo ya barabara alikuwa na kibanda fundi Okemwa, mtu wa maneno mengi na spana chache. Mara ya kwanza alikuja na kijiti, akafungua tangi, akachovya, akaona petroli imo. Akatoa plagi, akazipangusa kwa shati lake, akazirudisha. Lori likawaka. Siku tatu Okemwa alitembea hapa sokoni kama mtu aliyefufua maiti. Mara ya pili alichovya kijiti tena, petroli imo, akabadilisha koili. Likawaka. Mara ya tatu, kijiti, petroli imo, akafungua kabureta na kuipuliza mpaka macho yakamtoka. Likawaka. Mara ya nne Okemwa alikuwa matangani Nyaramba, kwa hiyo Jethro alichovya kijiti mwenyewe, na mzee mmoja wa kanisa la Sabato akaweka mkono juu ya boneti na kuomba. Likawaka pia.

Basi tukagawanyika. Wapo walioshikilia kwamba ni koili, wapo wa kabureta, wapo wa maombi. Mimi nilikuwa upande wa jicho la husuda. Nilisema wazi kwamba Ongeri, mwenye lori jipya la dizeli, alikuwa akiitamani kazi ya pareto, na macho yake hayakuwa mazuri. Nilimsema Ongeri miezi miwili mizima, na leo nasema nilimkosea, ingawa kazi kweli aliitamani.

Kilichotushangaza wote ni kwamba Jethro akiwa hana kitu, ananunua galoni moja moja, lori lilikwenda Kisii na kurudi bila kukohoa. Lakini siku ya shughuli, akijaza tangi mpaka linamwagika ili awe na hakika, hafiki mbali zaidi ya hapa kwangu. Watu wakasema lori lenyewe halipendi kazi, limemfuata mwenyewe. Huo ulikuwa uchokozi tu, Jethro hakuwa mvivu.

Sasa niwaambie kuhusu kizibo.

Kifuniko cha tangi kiliibwa Kisii mjini mwanzoni mwa mwaka, na kwa wiki kadhaa Jethro alikuwa anaziba kwa gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa. Siku moja akaletewa kifurushi cha jani la mgomba kutoka Tabaka, kwa baba mkwe wake, Mzee Omwenga, mchongaji wa mawe laini. Mzee huyo alikuwa hajamsemesha Jethro miaka miwili. Bochaberi alikuwa amemfuata Jethro Nyamache kabla ng'ombe wa mahari hawajafika kwao, tena Jethro ni Mkatoliki na kina Bochaberi ni Wasabato wa kuosha sufuria zote Ijumaa. Sasa mzee anatuma kifurushi. Jethro alikifungulia hapa kwenye meza yangu. Ndani mlikuwa na kizibo cha tangi cha jiwe jeupe lenye mishipa ya waridi, na juu yake kiboko mnene amelala, amepakwa nta mpaka anang'aa. Chini kilizungushiwa mpira wa baiskeli, na kilipoingizwa kwenye mdomo wa tangi hata harufu ya petroli haikutoka. Hapakuwa na barua. Jethro alikitazama kizibo mpaka chai yake ikapoa, na sisi tukajua kwamba amekubaliwa. Tangu siku hiyo kila asubuhi alimpangusa kiboko kabla ya kupangusa kioo.

Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kukohoa kulianza mwezi gani.

Ikaja Alhamisi ninayoitaka. Karani wa chama alikuwa amemwambia Jethro mbele ya watu kwamba mzigo ukichelewa tena, kazi anapewa Ongeri. Jethro alinieleza kwamba hilo likitokea atauza lori kama chuma chakavu na kwenda Kericho kuchuma chai ya watu wengine. Aliyasema hayo akicheka, lakini mkono wake ulikuwa unavunjavunja mandazi bila kuyala.

Basi siku hiyo alijaza tangi, akapakia magunia hamsini, akaondoka Nyamache mapema. Bochaberi alikuwa kando yake. Juu ya magunia, na fimbo yake na kofia yake, alikuwa ameketi Mzee Omwenga mwenyewe. Alikuwa amekuja kumwona binti yake kwake kwa mara ya kwanza, na sasa anarudi Tabaka. Kiti cha mbele alikikataa. Sisi tuna chinsoni, heshima ya wakwe, na baba mkwe hawezi kubanana bega kwa bega na mume wa binti yake kwenye kiti kimoja.

Saa saba lori lilipanda kilima. Likakohoa mara mbili, likanyamaza.

Watu walijaa kabla sijafuta meza. Ghala lilikuwa linafungwa saa kumi, na upande wa Manga wingu lilikuwa limeshaanza kuwa jeusi. Pareto ikinyeshewa ni takataka, na turubai la Jethro lilikuwa na matundu kama chujio. Okemwa alikuja mbio na kijiti chake. Na hapo ndipo jambo likabadilika.

Mzee alikuwa ameteremka, akasimama karibu na tangi, mkono juu ya kiboko wake, anamwonyesha mtu mmoja alivyokata masikio. Kizibo kile, lori likizima, kilikuwa kinang'ang'ania kama kimegandishwa. Kukitoa ni mpaka kugonga kwa spana. Sasa Jethro angegongaje zawadi ya baba mkwe wake mbele ya macho yake? Alimshika Okemwa kiwiko, akamwambia tangi limejaa, alilijaza mwenyewe, hakuna haja ya kuchovya.

Okemwa akatoa plagi, akapangusa, akarudisha. Stata. Halikuwaka. Akabadilisha koili. Halikuwaka. Akapuliza kabureta, na yule mzee wa kanisa alikuwepo, akaomba kwa sauti na kwa kirefu. Halikuwaka. Ilikuwa mara ya kwanza dawa zote kushindwa siku moja. Stata yenyewe ilianza kuzungusha kwa uchovu, na Jethro akatoka, akakaa juu ya ngazi ya mlango wa lori, akainamisha kichwa. Watu waliokuwa wakicheka wakaacha.

Bochaberi aliingia jikoni kwangu. Nilifikiri amekuja kulia, na nilikuwa natoboa kopo la maziwa nimpe chai. Nikapiga msumari tundu moja, nikageuza, maziwa yakatoka matone mawili na kukwama. Nikapiga la pili, yakamwagika vizuri. Alinishika mkono.

"Mama, kwa nini umetoboa mawili?"

Nikamwambia kila mtu anajua, moja la maziwa na moja la hewa.

Alisimama akitazama kopo. Kisha akaanza kuongea taratibu, kama mtu anayehesabu magunia. Okemwa ametengeneza vitu tofauti kila mara. Lakini kila mara kabla ya kutengeneza, tangi lilifunguliwa. Hata siku ya maombi. Leo ndiyo mara ya kwanza halijafunguliwa. Nyumbani kizibo kinatoka kwa vidole viwili, hapa barabarani kinavutwa ndani. Tangi likiwa na petroli kidogo, hewa iliyomo ni nyingi, lori linafika. Likijaa, hewa ni kidogo, inaisha upesi.

"Ni kizibo," akasema, akaziba mdomo kwa mkono.

Mimi nimesikia habari nyingi katika jiko lile, lakini ile ilinikalisha. Maana sasa nani atamwambia mzee? Jethro hawezi, ni mkwe. Bochaberi ni binti, na ni yeye aliyeondoka nyumbani bila ruhusa. Aende kumwambia baba yake mbele ya soko zima kwamba zawadi ya kupatana ndiyo inayomwua mume wake? Alinitazama. Akasema kwa upole kwamba mimi sijawahi kukosa maneno.

Nikachukua kikombe cha chai, nikaenda. Nilimsifu kiboko kwanza, na sikusema uongo, alikuwa mzuri. Nilisifu miguu, nikasifu mgongo. Watu walisogea karibu, wanajua nikisifu kwa muda mrefu kuna kitu kinakuja. Mwishoni nikaona hakuna njia ya kuzunguka zaidi.

"Omogaka," nikamwambia, kama tunavyowaita wazee wetu, "kiboko huyu anapumulia wapi?"

Mzee akanitazama, akamtazama kiboko. Akapitisha kidole gumba juu ya pua, pale alipokuwa amechora nukta mbili tu. Akauliza nani amenituma. Nikajibu hakuna, na hiyo ndiyo mara pekee maishani mwangu niliyoificha habari ilikotoka. Akakishika kizibo akijaribu kukitoa, kikagoma. Akajaribu tena kwa mikono miwili. Uso wake ukabadilika. Mtu aliyechonga mawe miaka arobaini anajua kitu kilichokaza na kitu kinachovutwa.

Akanyoosha mkono aletewe spana. Alimgonga kiboko wake mwenyewe, ubavuni, mara tatu. Kizibo kikatoka, na tangi likavuta pumzi ndefu, fyuuu, ambayo hata waliokuwa ndani ya hoteli waliisikia.

Jethro hakuambiwa kitu. Alipanda, akapiga stata. Mara ya kwanza hapana. Mara ya pili hapana, na betri sasa ilikuwa inanung'unika. Mara ya tatu injini ikapiga chafya. Mara ya nne ikashika, ikanguruma, na moshi ukatufunika sote. Okemwa alianza kueleza kwamba ni koili, watu wakamfukuza.

Kulikuwa na wingu, na mtu mmoja akapendekeza tangi lizibwe kwa kitambaa waende. Mzee hakusikia, au alisikia. Alikuwa ameshaketi kwenye benchi langu na kisu chake kidogo na msumari wangu wa maziwa, anatoboa. Jiwe lile ni laini kwa anayelijua. Unga mweupe ulimwagikia suruali yake. Alitoboa matundu yote mawili ya pua, akiyaelekeza chini ili mvua isiingie, mpaka yakatokea upande wa pili, akapuliza ndani na kusikiliza. Jethro alikuwa amesimama hatua kumi, macho chini, anasugua mikono ambayo haikuwa na grisi.

Mzee akamwambia Okemwa, kwa sauti ya kufika hatua kumi, "Mwambie mwenye lori kwamba lori lake si bovu. Mchongaji ndiye aliyesahau pua."

Okemwa akageuka kumwambia Jethro, ambaye alikuwa amesikia kila neno. Jethro akaacha kusugua mikono.

"Mwambie omogaka kwamba nimelipenda lori hili kwa sababu ya kiboko."

Okemwa akageuka tena kuyapeleka, na mzee akainama kufunga kisu, lakini nilikuwa karibu na niliona meno yake. Bochaberi alikuwa mlangoni pa jiko na kopo bado mkononi, anajifuta macho kwa kitambaa chake cha kichwa. Mzee alipita karibu naye akienda kupanda magunia. Akalitazama kopo lenye matundu mawili. Alimkabidhi msumari.

Walifika Kisii saa tisa na nusu, magunia makavu. Mvua iliwakuta wakipakua gunia la mwisho. Hayo niliyapata kwa kondakta wa basi la jioni, na nikayathibitisha kwa wengine wawili.

Alhamisi iliyofuata niliweka mabirika yote mawili motoni kwa mazoea. Nikasikia lori linapanda, zito, tangi limejaa. Watu wakatoka kutazama. Likafika mlangoni kwangu, halikukohoa, likapita. Nikasema basi, biashara imeondoka. Lakini hatua ishirini mbele likasimama. Jethro akachungulia dirishani, akatutazama wote tuliosimama pale, akatazama barabara ya Kisii iliyokuwa bado ndefu.

Kisha akazima injini mwenyewe, akaja kuitisha chai.

Aliinywa polepole, kikombe kizima, na hakuna aliyemsema. Alipomaliza alitembea mpaka kwenye lori, akampangusa kiboko pua kwa kidole, akapanda. Sote tulikuwa tumeshika pumzi, hata Okemwa. Akapiga stata mara moja, likawaka.