Nyumba ya Kumi Waliyoisokota Viwavi

Wewe umewahi kuona viwavi wakihamia kijiji cha ujamaa? Marietha aliwaona. Ilikuwa asubuhi, anachambua mlenda mbele ya kibanda chake kipya, katika kijiji kimoja jirani na Mitundu, walipotokea barabarani kichwa kwa mkia, mstari ulionyooka kama kamba ya kupimia viwanja. Walikuwa wa kahawia, wenye yale manyoya ambayo yakikugusa unajikuna mpaka jioni. Walitoka upande wa msituni, kwenye tembe lake la zamani, lile walilolibomoa watu waliomhamisha kwa lori, ili asirudi.

"Karibuni," Marietha akasema, akasogeza ungo wapite.

Wakaingia kiwanja kilichopakana na chake, kilichokuwa kitupu. Kiwanja hicho kilimsumbua sana Gasto, balozi wa nyumba kumi mwenye nyumba tisa. Mabalozi wenzake walimcheka. Hata hivyo kila jioni alipita kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Unataka nini, nikakusemee mkutanoni?"

Marietha alitaka kitu kimoja tu: kurudi kwake, alikozikwa mumewe Manase kando ya zizi. Neno lilipanda mpaka kwenye meno, lakini akikumbuka lile lori, ambalo sasa liliegeshwa kwenye njia ya msituni, linashuka.

"Marahaba. Chumvi."

Chumvi alikuwa nayo tele. Alishajaza mitungi, sasa anajaza vibuyu.

Viwavi wakasokota. Kabla msimu wa mlenda haujaisha, palisimama tembe zima la hariri ya kahawia: kuta, paa bapa, kihenge cha uwele, na kizingiti cha juu cha mlango kilichobonyea katikati. Kwa kule kubonyea Marietha akaitambua nyumba yake. Manase alikuwa mrefu, na maisha yake yote hakujifunza kuinama.

Gasto akaihesabu mara mbili, akaenda kunywa pombe kwa furaha.

"Kadi za chama wanazo?" akauliza Dorkas, jirani wa ng'ambo.

"Watapata. Wanakula pamoja, wanalala pamoja, hawagombani. Nani kati yenu ameweza?"

Bwana shamba Paskali alikuja na baiskeli kutoka Itigi. Akapiga hodi kwanza, kisha akapapasa ukuta.

"Hawa ni nondo wa hariri wa porini," akasema. "Mama yao hutaga mayai kwenye jani, akayafunika kwa manyoya ya tumbo lake mwenyewe, kama shuka. Watoto wakianguliwa hawaachani. Wanakula mti mmoja, wanahama kwa foleni, wanasokota mfuko mmoja mkubwa, na humo ndani kila mmoja anajifungia kwenye kifuko chake. Mvua ikinyesha wanatoka na mabawa. Hawali tena. Wanataga tu, basi."

"Wanataga wapi?" Marietha akauliza.

"Kwenye mti wa aina ile waliyokulia. Hapa barabarani siuoni."

"Upo kwangu, nyuma ya zizi," Marietha akasema, akaenda kuifagia ile nyumba.

Alizoea kukaa humo. Jua likizama Manase alikuja, akagonga kichwa pale pale, akasema, "Aa!"

"Inama, baba Yeremia," Marietha alimwambia, kama zamani, na hakuinama.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Nondo wakatoka, weupe wenye mistari ya kahawia, wakakaa juu ya paa mpaka mabawa yakakauka. Kisha wakalishika paa kwa miguu yao, wakainyanyua nyumba. Ikapita chinichini juu ya kijiji, kuelekea msituni, Gasto anakimbia chini yake.

"Hamna kibali! Nyie! Hamna kibali!"

"Waitie mkutano," Dorkas akasema, akianua nguo zake.

Huko juu wakasikia kitu kikigonga, kisha, "Aa!"

Jioni Gasto akaja, amelowa, balozi wa nyumba tisa. Lori lilikuwa bado limeegeshwa kwenye njia ya msituni. Gasto alishaulizia kwa wakubwa: nyumba ikiondoka, imeondoka, lakini mtu haruhusiwi kuondoka.

"Shikamoo, mama. Kesho kuna mkutano. Unataka nini?"

Marietha akakitazama kiwanja. Pale tembe liliposimama palikuwa bado pakavu.

"Marahaba, mwanangu. Chumvi ninayo. Nataka kurudi kwangu. Manase anagonga kichwa, na hana wa kumwambia ainame."