Bolti ya Usukani

Fidelis hakuichukia baiskeli yenyewe. Alimchukia aliyeinunua.

Ilikuwa BMX nyekundu ya kitoto, ambayo Abel alimletea Witness sikukuu ya Pasaka. Abel ndiye aliyefunga ndoa na Agnes, mama yake Witness, nao wakahamia Mazimbu. Fidelis, baba mzazi, alibaki Mwembesongo na kibanda chake cha kutengeneza baiskeli. Kila jioni alipopiga magoti alimwombea mtoto, akamwombea na Agnes, kisha akajikuta ameshasema amina kabla jina la Abel halijafika mdomoni.

Faraja yake ilikuwa moja: baiskeli iliharibika mara kwa mara. Witness alipakia wenzake, mmoja nyuma na mwingine juu ya usukani, akaruka nao matuta ya barabarani. Pedeli zikapinda, spoku zikakatika. Na kila ilipoharibika, mtoto aliikokota hadi kwa baba yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Leo umeua nini tena?"

"Usukani unacheza. Baba wa Mazimbu alitaka kuukaza, amenunua spana. Nikamwambia nije kwako kwanza."

Baba wa Mazimbu! Juzijuzi tu alikuwa Anko Abel.

Fidelis akainama, akaikaza bolti inayoshika usukani. Mkono ulimwambia basi, imetosha. Hakuusikiliza. Alichukua kipande cha bomba, akakichomeka kwenye spana kuirefusha, akaegemea kwa uzito wake wote. Aje sasa na spana yake ya dukani, tuone.

"Fundi," alidakia Ahmadi, muuza kahawa wa jirani, "hiyo bolti unaifunga au unaizika?"

"Mtoto anaruka sana huyu."

"Baba, mbona imelia?" Witness aliuliza.

"Imekaza hiyo. Nenda."

Jumapili baada ya misa, aliyekuja akiikokota BMX alikuwa Abel mwenyewe. Usukani ulikuwa umelala. Witness alimfuata nyuma, kidevu kimefungwa bandeji.

"Habari za leo, Baba Witness," Abel alisema.

Jina hilo Fidelis hakuwa amelisikia tangu Agnes aondoke.

"Usukani umemgeukia akiwa anateremka mlimani. Tumeshatoka hospitali, wamemshona. Mama yake anasema alipakia wenzake tena, kwa hiyo baiskeli basi, inauzwa."

"Sikupakia mtu!" Witness alianza kulia. "Wala sikuruka! Baba, waambie."

Abel alifungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na nusu ya bolti. "Mimi si fundi. Ila juzi nilitaka kuulegeza usukani niushushe kidogo, ikanishinda. Nikasema, huyu mtu kafunga kweli."

Fidelis aliigeuza ile bolti. Shingo yake ilikuwa imevutika, imekonda pale ilipokatikia. Ulimini alikuwa na jibu tayari, kwamba baiskeli za siku hizi ni za hovyo na watoto hawasikii. Abel angeliamini. Witness alikuwa anamtazama.

"Mtoto hasemi uongo," alisema. "Ni mimi. Niliikaza kwa bomba mpaka ikachoka."

"Kwa nini, baba?"

"Sikutaka mwingine aweze kuifungua."

Abel alitazama chini.

Fidelis alitafuta bolti mpya, akaipachika, kisha akaiweka spana fupi mkononi mwa Abel. "Kaza wewe. Ikianza kugoma, acha."

Abel alikaza polepole. Witness aliushika usukani, akautikisa.

"Basi hapo, baba," Witness alimwambia Abel.

Neno lile lilimchoma Fidelis vilevile. Bomba lilikuwa karibu na mguu wake. Alilisukuma chini ya benchi.

"Kamwambie mama yako," alimwambia mtoto, "kosa ni la baba yako wa Mwembesongo."

Jioni alipopiga magoti hakuharakisha amina. Jina la Abel lilitoka kwa shida, kama nati yenye kutu, lakini lilitoka.