Mifuko Miwili ya Galula

Mara mbili maabara ya Tunduma ilisema mawe ya shimo la Kashinje, kule Galula, hayana dhahabu. Mara mbili Josephat, mnunuzi wa mashimo, alitokea siku ileile kulitaka kwa bei ya mbuzi.

"Tuuze," alisema Osea, mbia wake, aliyekuwa akipeleka mawe kwa pikipiki. "Mashine haina ndugu, bwana."

Kashinje hakuamini. Alihisi Josephat amemhonga kijana wa maabara. Safari ya tatu alisaga mawe mwenyewe, akachanganya unga wake vizuri, akaugawa mifuko miwili. Mmoja alimpa Osea kama kawaida. Wa pili alimpa kwa siri shemeji yake Shani, aliyekuwa akienda Tunduma kununua vitenge, auandikishe maabara kwa jina lake mwenyewe.

Siku ya majibu Osea alimpakia Kashinje hadi Tunduma, akabaki nje. Ndani, Kashinje alitoa risiti yake na ya Shani, na Brayson, yule kijana wa maabara, akampa karatasi zote mbili za majibu. Mfuko wa Shani ulikuwa na dhahabu ya kutosha. Wa Kashinje haukuwa na kitu.

"Leo nimekushika," alisema Kashinje. "Huu ni unga mmoja. Josephat amekupa nini?"

"Mzee, mifuko yenu hii hapa. Chota mwenyewe, weka alama zako, usiniambie."

Kashinje alichota. Unga wote ulikuwa wa kijivu. Brayson aliutia dawa kwenye vichupa, wakasubiri iuyeyushe, kisha Kashinje akavipanga kwenye mashine kwa mkono wake. Mrija mwembamba ulijishusha, ukanyonya kimoja, ukajisuuza, ukahamia kingine. Ndani uliwaka mwali, na taa ikaangaza katikati yake.

"Dhahabu ikiwamo humeza sehemu ya mwanga," alisema Brayson. "Mashine inapima uliobaki. Majina haiyajui."

Majibu yalikuwa yaleyale.

Brayson aliitazama mifuko. "Wako aliuleta nani?"

Kashinje alikunja karatasi ya Shani, akaitia mfuko wa shati, akatoka.

"Wamesemaje?" aliuliza Osea.

"Hakuna kitu."

"Si nilikwambia? Panda twende, Josephat anatusubiri stendi."

"Nani kamwambia tunakuja leo?"

Osea aliinama kupangusa taa ya pikipiki, ingawa haikuwa na vumbi.

"Nenda kamwambie siuzi," alisema Kashinje. "Mimi nitarudi na basi."