Kwaresima Bila Jina la Rais

Kwaresima ikifika, watu wengine huacha chokoleti, wengine huacha bia. Mimi mwaka huu niliacha kumtaja rais. Jumatano ya Majivu, paji la uso likiwa bado jeusi, nilipiga magoti kwenye benchi letu pale kanisani Mtakatifu Kasimiri nikamwambia Mungu kwamba jina la mtu yule halitapita kinywani mwangu mpaka Pasaka. Hata wakati wa kuahidi sikulitaja. Mungu anamjua niliyekuwa namsema.

Nilikuwa nimechoka na dhambi yangu, basi. Kila jioni nilikaa mbele ya televisheni, sahani mapajani, yule bwana anatokea, na mimi, mjane wa miaka themanini na mmoja, naanza kutukana mpaka paka anahama chumba. Jumamosi napanga foleni ya kuungama, naungama yale yale. Ikafika mahali padri ananipa kitubio kabla sijamaliza kusema. Nikaona sasa haya ni mzaha. Kama kumpenda siwezi, kunyamaza je? Nikazima na televisheni yenyewe.

Wifi yangu Arlene alicheka mpaka akashika kiuno. Arlene ni dada wa marehemu mume wangu, Florian, na rais huyo ni wake. Anampenda utadhani kamzaa yeye. Bango lenye jina lake limesimama mbele ya nyumba ya Arlene tangu uchaguzi. Theluji inalipiga, upepo unalikunja, yeye anatoka na kandambili kulinyoosha. Ili nisilione, nilikuwa nazunguka na gari kwa nyuma ya kiwanda cha jibini.

"Wewe ukinyamaza utapasuka," aliniambia. "Acha kula, wifi, ndiyo rahisi."

"Utaona."

"Nitaona nini? Ulimi wako huo hata kaka yangu ulimshinda, Mungu amrehemu."

Tumegombania marais tangu nilipoolewa katika familia ile. Zamani ugomvi wetu ulikuwa na utamu wake, kama karata za Jumapili. Mmoja anashinda, mwingine anakata keki. Miaka hii umeingia uchungu. Kuna maneno tuliambiana jikoni kwangu ambayo sote tunajifanya hatuyakumbuki. Siku hizi tunazungumza hali ya hewa, magoti, na nani kafariki, na tukikaribia yale mengine mmoja wetu anakumbuka ana nguo kwenye mashine.

Basi katikati ya Kwaresima hiyo nikaunguza mayai. Niliyabandika, nikatoka kusukuma theluji kwenye ngazi, nikamkuta jirani, maneno yakanoga. Kurudi, maji yamekauka, mayai yamelipuka, kipande kimoja kimeganda darini. Ningefuta nikajinyamazia, lakini binti yangu Renee alikuwa njiani kutoka jiji la Milwaukee siku hiyo hiyo, na harufu ya mayai yaliyoungua haifichiki.

"Mama, ingekuwa nyumba je?"

"Haikuwa nyumba. Yalikuwa mayai."

"Mama, mimi sitanii."

Kweli hakuwa anatania. Alikuwa ameshatafuta mahali huko Milwaukee, jumba la wazee lenye mazulia na mwalimu wa mazoezi ya kukaa vitini. Nikamwambia mimi nitatoka nyumba hii nikiwa nimelala chali, nimebebwa na wanaume sita. Akalia. Nikalia na mimi. Mwisho tukakubaliana: nikapimwe kumbukumbu. Nikifaulu, nabaki nyumbani kwangu na gari langu. Nikishindwa, nyumba inauzwa majira ya joto na mimi nahamia kwenye mazulia. Nilikubali upesi, kwa sababu nilijua nitafaulu.

Alhamisi tukaenda kliniki. Muuguzi alikuwa kijana mpole wa sauti kubwa, maana wanadhani sote ni viziwi. Akaniambia nichore saa, nikachora. Akanipa maneno nikariri: daraja, kitunguu, zulia. Akaniambia nitoe saba saba kutoka mia, nikashuka mbio kiasi kwamba yeye ndiye aliyeachwa nyuma. Renee, kwenye kiti cha kona, akaanza kutabasamu.

"Vizuri sana, bibi. Sasa, rais wetu ni nani?"

"Simtaji."

"Unamkumbuka lakini?"

"Namkumbuka kuliko ninavyotaka."

"Basi nipe jina tu."

Nikamweleza habari ya Kwaresima. Kijana akanitazama, akamtazama Renee. Akaniambia kwa upole kwamba anaelewa, ila bila jina itabidi aandike kuwa sikujibu.

"Mama, tafadhali!" Renee akasema. "Ni neno moja! Mungu hawezi kukukasirikia kwa neno moja."

Nikapima. Upande huu ahadi yangu kwa Mungu, upande ule jiko langu, dirisha langu, kitanda alichofia Florian. Nikasema moyoni, Bwana, utanisamehe, wewe mwenyewe ulikuwa na nyumba ya rafiki kule Bethania. Nikafungua mdomo nimtaje.

Jina halikuwepo.

Uso wake niliuona. Tai niliiona, ile sauti niliisikia, na jinsi anavyopunga mkono akishuka kwenye ndege. Nikatafuta jina pale linapokaa siku zote, pakawa patupu. Nikafunga mdomo, nikanyanyua kidevu, nikasema, "Nimeshasema simtaji. Ahadi ni ahadi."

Kijana akaandika. Renee akafunika uso. Wote wawili walidhani ni ukaidi, na mimi nikawaacha wadhani hivyo. Tukaambiwa turudi Jumatatu, daktari mwenyewe anione.

Ningeweza kuliangalia. Lilikuwa kwenye magazeti, lilikuwa mbele ya nyumba ya Arlene kwa herufi kubwa kama sufuria. Lakini kuliangalia kungenisaidia nini? Nilitaka kujua kama bado limo kichwani mwangu. Nilisali rozari nzima, na kila fumbo nilikuwa nachungulia kama jina limerudi. Sijawahi kuogopa vile, hata Florian alipokuwa mgonjwa. Ukimwogopea mtu mwingine, walau wewe upo wa kuogopa.

Ijumaa za Kwaresima parokia yetu inakaanga samaki. Wanaume wanasimama nje kwenye theluji na mafuta yao na bia zao, watu wanajaa ukumbini, na sisi wanawake wazee tuko jikoni chini ya kanisa tunamenya viazi vya kukwaruza kwa ajili ya chapati za viazi. Mimi na Arlene tuna ndoo yetu moja tangu tukiwa na viuno. Renee, kwa kuwa alibaki mpaka Jumatatu, alipewa kazi ya kubeba sinia.

"Una nini wewe?" Arlene akaniuliza. "Kiazi hicho umekimenya mpaka kimebaki kama jicho la samaki."

Sikuwa na mwingine wa kumwambia. Watoto wangu wangeogopa, padri angenipa sala. Nikainama kwenye ndoo.

"Wifi, nimelisahau."

"Nini?"

"Jina lake. Yule wako."

Nilingoja acheke. Kwa haki yake angecheka mwaka mzima. Akaweka kisu chini.

"Kweli?"

"Uso nauona, jina halipo. Tangu jana. Jumatatu wakiniuliza tena sina la kusema, na nyumba itauzwa."

"Mimi si naweza kukutajia sasa hivi?"

"Usinitajie! Nataka lije lenyewe. Lisipokuja, nijue."

Arlene akafuta mikono kwenye aproni, polepole, macho kwenye ukuta. Nikadhani anatafuta neno la kunifariji. Akachukua kiazi kingine, akaanza kumenya, na kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye sinki akasema, "Lakini yule ni mtu mzuri sana."

"Arlene."

"Mcha Mungu. Anasali yule kuliko wewe."

"Arlene, usinianze leo."

"Ana huruma. Mnyenyekevu. Nikimwona namkumbuka hayati baba."

"Baba yako! Baba yako hakuwahi kusema uongo hata kwa afisa wa uwindaji!"

"Ndiyo maana. Na nikwambie jingine, Bernadine. Florian angekuwa hai, angempigia kura."

Hapo damu ilinipanda. Florian! Mwanamume aliyekuwa akiungama hata kuchungulia karata! Nikasimama, kiazi mkononi, na jina likatoka. Lilitoka lote, la kwanza, la kati na la ukoo, na nyuma yake zikafuata sifa ambazo sitaziandika hapa kwa heshima ya msomaji. Mzee mmoja wa kwenye mafuta alichungulia mlangoni na koleo lake, akaona usalama wake uko nje, akarudi.

Arlene akajipiga paja. "Huyo hapo! Kumbe yumo!"

Nikalirudia, taratibu sasa, kama mtu anayeonja mchuzi. Lilikuwemo. Nikaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na Arlene naye akawa analia huku ananikumbatia na mikono yake ya wanga wa viazi. Mwanamke yule alikuwa amemtoa rais wake mpendwa atukanwe mbele ya parokia nzima kwa ajili yangu.

Tulipoachiana, Renee alikuwa amesimama pale na sinia tupu.

"Nani yumo?"

Ningeweza kusema Arlene alinichokoza, na ingekuwa kweli nusu. Lakini mficha maradhi kifo humfichua, na nusu nyingine ilikuwa imeshaninyima usingizi. Nikamwambia yote. Kwamba jana niliamua kumtaja, nikamkosa, nikajificha nyuma ya Mungu.

Renee akaketi kwenye gunia la viazi. "Kwa hiyo jana ulidanganya."

"Nilidanganya. Na ahadi yenyewe nimeivunja sasa hivi, umesikia."

"Na mpaka mji wa Marshfield wamesikia," akasema Arlene.

Renee hakutaka kucheka, nilimwona anavyojikaza, kicheko kikamshinda. Kisha akanishika goti. "Mama, mimi sina haja ya kuuza nyumba yako. Naogopa simu. Kila ikilia jioni, nasema leo ndiyo wananiambia wamekukuta."

Sikuwa nimelijua hilo. Siku zote hizo nilidhani napigania nyumba na mtu anayeitaka. Nikamwambia pole, mwanangu, na pole hiyo ilitoka moyoni.

Jumatatu Daktari Vang alinipima upya kuanzia mwanzo. Ni mwanamke mdogo wa hapa hapa, mama yake anauza pilipili na matango kwenye soko la Jumamosi. Nilimweleza mwenyewe habari ya jina, kabla Renee hajafungua mdomo. Akaniuliza mengi, tarehe, watoto, dawa, akanifanya nirudi kwenye daraja, kitunguu na zulia. Akasema jina kujificha ukiwa na hofu, kisha likarudi lenyewe, ni jambo la umri. Angeliona kwa jicho lingine kama ningekuwa napotea njia ya nyumbani. Nibaki kwangu. Nibadilishe jiko, ninunue lile linalojizima. Nirudi majani yakianza kuanguka.

"Na rais hutaniuliza?"

"Hapana, bibi. Muuguzi wangu alikuja kula samaki Ijumaa."

Nilitoka pale mwili umelegea kama niliyevua viatu baada ya harusi. Renee alinipeleka nyumbani, akanibusu, akashika barabara ya Milwaukee, na mimi nikawasha gari langu, gari langu mwenyewe, nikaenda kwa Arlene kwa njia fupi.

Alikuwa kwenye ngazi anamwaga chumvi juu ya barafu. Nikamwambia nabaki. Akapiga kelele, akamwita Yesu na Maria, akanizungusha tukakaribia kuvunjika viuno vyote. Nikamweleza kila alichosema daktari. Nilipofika kwenye kupotea njia, akaokota ndoo yake ya chumvi.

"Wifi, mimi sijawahi kwenda kupimwa," akasema.

"Kwa nini?"

"Watanijibu."

Akachota chumvi nyingine, hakuimwaga. "Juzi nilikaa kwenye gari nje ya duka la mbegu. Sikujua nimefuata nini. Hilo si kitu. Lakini sikujua nyumbani ni kushoto au kulia. Nikangoja mpaka kumbukumbu ikarudi."

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

Nikamwambia tutakwenda kwa Daktari Vang pamoja, mimi nitakaa kwenye kiti cha kona.

"Na wakiniuliza rais?"

"Utamtaja. Si unamwota?"

"Na nikishindwa?"

"Nitamtukana mpaka umkumbuke."

Akacheka kidogo, akatazama barabara, huku na huku, kama mtu anayeikagua. "Na siku nikishindwa hata kukasirika?"

"Siku hiyo nitakaa na wewe nimsifu," nikasema. "Kutwa nzima. Kwa jina lake."

"Mwongo wewe."

"Jaribu uone."

Tukaingia ndani. Nilipiga simu kliniki mimi mwenyewe, na Arlene alinishika mkono mpaka wakapokea.